Kufundisha Wanafunzi Ambao Bado Hawajakimudu Kiingereza

Mwalimu wa sayansi anapogundua kwamba nusu ya wanafunzi wake hawafuati Kiingereza anachofundishia, njia iliyo karibu naye ni kulegeza somo. Maswali ya "kwa nini" hugeuka kuwa ya "nini", majadiliano hugeuka kuwa kunakili ubaoni, na jaribio huwa la kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Darasa hutulia, madaftari hujaa, kila mtu huonekana ana kazi. Lakini kilichopungua hapo ni sayansi. Kiingereza kimebaki kigumu vilevile.

Ninachokitetea hapa ni kinyume chake: fikra ziachwe na uzito wake wote, lugha ndiyo ipunguzwe, kisha irudishwe kidogo kidogo. Nadharia za ujifunzaji wa lugha ya pili ni nyingi, na walioziasisi wenyewe hawapatani. Hata hivyo, ukizisoma ukiwa na lengo hilo moja kichwani, karibu kila moja inakupa kifaa fulani cha kazi, na unaona upesi ipi imesifiwa kuliko inavyostahili.

Kuongea vizuri si kusoma vizuri

Ipo tofauti ambayo kila mwalimu anapaswa kuijua hata kama hatasoma nadharia nyingine yoyote. Mwaka 1979 Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alitenganisha umahiri wa mazungumzo ya kila siku na umahiri wa lugha ya kitaaluma. Takwimu alizozichambua za wanafunzi wahamiaji zilionyesha kwamba mazungumzo hushika kasi katika miaka 2 hivi, ilhali kuwafikia wenzao katika lugha ya kitaaluma huchukua miaka 5 hadi 7. Mazungumzo yana msaada mwingi: uso wa msemaji, mikono, kitu kinachosemwa kiko mbele yenu, na usipoelewa unauliza tena. Ukurasa wa kitabu hauna hata kimoja kati ya hivyo.

Tofauti hii isipojulikana, madhara yake hufuata njia ileile. Mwanafunzi anatania na kubishana na wenzake kwa Kiingereza chepesi, mwalimu anahitimisha kwamba lugha si tatizo tena, msaada unaondolewa. Muda si mrefu mitihani ya maandishi inaanza kumshinda, na sasa anaitwa mvivu.

Wapo waliomkosoa Cummins kwa kuweka mpaka mkali mno, na wana hoja. Kueleza kanuni za mchezo mgumu ni kazi nzito ya fikra hata kama inafanyika uwanjani. Lakini Cummins alichora pia mistari miwili inayokatana, na mchoro huo ndio wenye faida kwa anayeandaa somo. Mstari mmoja hupima kazi inadai fikra kiasi gani, mwingine hupima muktadha unasaidia kiasi gani. Anayejifunza lugha anahitaji kazi yenye fikra nyingi na muktadha mwingi. Kazi yenye fikra haba na muktadha haba, kama kunakili maana za istilahi, haimfai yeyote, nayo ndiyo wanayopewa mara nyingi zaidi.

Uzito uko wapi hasa?

Tazama sentensi hii ya kawaida ya kitabu: "Evaporation occurs when molecules at the surface of a liquid gain enough energy to escape into the air." Walimu wengi wataeleza "evaporation" na "molecules" kisha waendelee. Kumbe hayo ndiyo maneno yenye nafuu: yana maana moja, yana mchoro, na kitabu chenyewe kinayafafanua. Yanayomkwamisha mwanafunzi ni "occurs", "gain", "surface" na "escape", maneno yanayozunguka katika masomo yote bila mwalimu yeyote kuona kwamba ni wajibu wake kuyafundisha. Mwaka 2000 Averil Coxhead alichapisha orodha ya familia 570 za maneno ya aina hii, "occur" likiwemo, ambazo kwa pamoja hufunika takriban asilimia 10 ya maneno ya maandishi ya kitaaluma.

Muundo nao una uzito wake. "Evaporation" ni kitendo kilichogeuzwa kuwa jina, kwa hiyo huoni ni kitu gani kinafanya nini. "When" hapa inaweka sharti, haitaji saa wala siku. Na kati ya "molecules" na kitenzi chake "gain" pamepenyezwa maneno sita ambayo msomaji dhaifu huyapotelea.

Hisabati ina mitego midogo zaidi na mikali zaidi. "Three less than a number" huandikwa x − 3, lakini anayefuata maneno kwa mpangilio wake ataandika 3 − x. Ukimsahihisha kana kwamba hajui kutoa, umetibu ugonjwa asiokuwa nao.

Maandalizi yenyewe hayahitaji zaidi ya dakika 15. Kwanza andika kwa ukamilifu, kwa Kiingereza, sentensi ambayo unataka mwanafunzi aweze kuitunga mwisho wa kipindi. Mfano: "Water evaporates faster when the temperature is higher because the molecules have more energy." Usiandike "wanafunzi wataelewa uvukizaji", hilo halikuonyeshi lugha inayohitajika. Sentensi ile inakuonyesha mara moja: kulinganisha kwa "faster" na "higher", sharti la "when", sababu ya "because". Kisha chagua maneno 5 hadi 7, mawili au matatu ya istilahi na yaliyobaki ya matumizi ya jumla. Orodha ya maneno 20 hunakiliwa vizuri na kusahaulika yote. Maneno hayo machache yarudiwe kesho yake, baada ya siku tatu, na baada ya wiki, kila mara ndani ya sentensi mpya.

Mwisho andaa vianzio vya sentensi vya ngazi tofauti:

"The water in dish A ______."
"Water evaporates faster when ______."
"When ______ increases, ______ because ______."

Kianzio kinachoacha nafasi ya neno moja tu kimeshafikiri kwa niaba ya mwanafunzi. Kinachofaa humpa viungo vya sentensi, na maudhui yakabaki kazi yake. Jambo la pili linaloharibika ni kwamba vianzio hubandikwa ukutani mwanzoni mwa mwaka na kukaa hapo hadi mwisho. Wood, Bruner na Ross walipoandika mwaka 1976 kuhusu msaada wa aina hii, walitumia taswira ya jukwaa la mafundi wanaojenga ukuta, na jukwaa hubomolewa. Panga tarehe ya kubomoa tangu unapolijenga: wiki ya kwanza kianzio kizima, wiki ya pili viunganishi pekee, wiki ya tatu karatasi tupu. Atakayekwama wiki ya tatu arudishiwe viunganishi, si kianzio kizima.

Kuelewa kinachosikika na kusomwa

Kati ya wenye nadharia hizi, Stephen Krashen ndiye anayetajwa kuliko wote. Katika kazi zake za miaka ya 1970 na 1980 alidai kwamba tunaipata lugha tunapoelewa ujumbe ulio juu kidogo ya kiwango chetu, akauandika i+1, "i" ikiwa kiwango alichofikia mwanafunzi. Tatizo ni kwamba hakuna ajuaye kuipima hiyo "i" kwa mwanafunzi mmoja, sembuse kwa darasa zima, na kwa hiyo dai lenyewe haliwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Kilichobaki imara ni sehemu ya kwanza: lugha isiyoeleweka haifundishi kitu.

Kueleweka kunaweza kukadiriwa. Batia Laufer alipendekeza mwaka 1989 kwamba msomaji anahitaji kujua asilimia 95 ya maneno ya matini. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulipandisha hadi asilimia 98 kwa anayesoma bila msaada. Asilimia 98 ni neno geni 1 katika kila maneno 50. Hivyo chukua kipande cha maneno 100 kutoka kitabu unachofundishia, mwombe mwanafunzi apigie mstari maneno asiyoyajua. Mawili au chini ya hapo, atasoma peke yake. Matatu hadi matano, atasoma ukiwepo au akiwa na faharasa, yaani orodha ya maneno magumu na maana zake. Yakifika kumi, usimpe ukurasa huo kama kazi ya nyumbani.

Wengi wakifika hapo huamua kurahisisha matini, na hurahisisha vibaya. Hukata sentensi ndefu kwa kufuta viunganishi. "Because the temperature rose, the ice melted" inakuwa "The temperature rose. The ice melted." Sentensi zimefupishwa, lakini uhusiano wa sababu na matokeo umetoweka, na sasa msomaji dhaifu ndiye anayetakiwa kuukisia. Ni bora matini iwe ndefu kidogo: neno gumu libaki, lifuatwe na maelezo yake, kiunganishi kisiguswe.

Katika kusema, kupaza sauti hakusaidii. Kinachosaidia ni kutua kati ya fungu moja la maneno na jingine huku maneno yenyewe yakitamkwa kwa kasi ya kawaida. Kuandika neno ubaoni wakati uleule unapolitamka. Kuonyesha kitu kabla ya kukitaja. Na kushikilia istilahi moja kipindi kizima. Mwalimu anayesema "container", kisha "vessel", kisha "beaker" kwa chombo kilekile anadhani anatajirisha msamiati. Mwanafunzi anatafuta vyombo vitatu.

Krashen alizungumzia pia hofu, kwamba mwenye wasiwasi hafaidiki hata na lugha anayoielewa. Nadharia yake hapo ni nyembamba, ila desturi moja inastahili kuachwa kwa ajili hiyo: kumsimamisha mwanafunzi ghafla asome kwa sauti aya ambayo hajawahi kuiona. Nguvu zake zote huishia kwenye matamshi na hakumbuki alichosoma. Mpe dakika mbili aisome na jirani yake kwanza.

Kusikiliza peke yake hakutoshi

Kama kuelewa kungetosha, wanafunzi wa shule za Kanada zinazofundisha kwa Kifaransa wangekuwa wamemaliza safari. Merrill Swain aliwachunguza watoto wenye Kiingereza kama lugha ya kwanza waliosoma masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka kadhaa. Kusikiliza na kusoma kwao kulikaribia kwa wenye lugha, lakini sarufi ya kuzungumza na kuandika ilibaki na mapengo. Mwaka 1985 alieleza kwa nini: anayesikiliza anaweza kukisia maana kwa maneno machache na muktadha bila kuigusa sarufi, ila anayetaka kutunga sentensi hulazimika kuchagua njeo, mpangilio na kiambishi, na hapo ndipo hugundua asichokijua. Darasani wale watoto walikuwa hawatakiwi kusema mengi.

Hapa ndipo naona madarasa mengi yanapokosea zaidi. Mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu neno moja, mwalimu anaikamilisha sentensi kwa niaba yake na kusema vizuri. Aliyefanya mazoezi ya Kiingereza ni mwalimu.

Dawa ya kwanza haina gharama. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi nchini Marekani miaka ya 1960 na 1970, alikuta walimu wakisubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliojitolea kujibu wakaongezeka. Anayejibu kwa lugha ya pili ana kazi ya ziada ya kulielewa swali na kulitungia jibu, kwa hiyo mimi ningefika sekunde 7 hadi 10 kwa swali la "kwa nini". Hesabu kimoyomoyo, maana ukimya wa darasa hudanganya. Baada ya hapo dakika moja ya kuambiana wawili wawili, ndipo mikono inyooshwe.

Dawa ya pili ni kazi ya vikundi iliyopangwa vizuri. Kuwaweka wanne mezani na kusema "jadilini" huzaa msemaji mmoja na wasikilizaji watatu. Michael Long alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba kinachosukuma lugha mbele ni yale majadiliano ya kutafuta maana, mtu anaposema "sijaelewa, unamaanisha kipi?" na mwenzake akalazimika kuliweka upya. Majadiliano hayo hayatokei kama wote wana taarifa ileile. Mpe A jedwali lenye nusu ya takwimu na B nusu nyingine, wakae wakitazamana, wasionyeshane karatasi, na swali la mwisho lisijibike bila nusu zote mbili. Kabla hawajaanza, wape maswali matatu ya kuombea ufafanuzi, kwa mfano "Do you mean ______?" Usipofanya hivyo watafunuliana karatasi ndani ya dakika ya kwanza.

Zoezi jingine linalofanya kazi kubwa kwa maandalizi madogo ni lile la kusikiliza na kujenga upya matini. Andika aya ya maneno 60 hadi 90 kuhusu mada waliyokwisha kufundishwa. Isome mara ya kwanza kwa kasi ya kawaida, kalamu ziwe chini. Isome mara ya pili, sasa waandike maneno muhimu pekee. Kisha wawili au watatu waijenge upya aya nzima kwa dakika 10 hadi 15, na mwisho walinganishe na ya kwako. Litaharibika kama aya ni ndefu, kama unasoma pole pole hadi wanaandika kila neno (hapo limekuwa imla), au kama ulinganisho unaishia kwenye tahajia. Swali la kulinganisha liwe: hapa mmeandika "the water heat", mimi nimeandika "the water is heated", tofauti ni nini? Ni wakati huohuo, baada ya kukwama wenyewe, ndipo maelezo yako ya sarufi yanapopata pa kutua.

Richard Schmidt alilipa hilo msingi mwaka 1990 aliposema kwamba tusichokitambua hatujifunzi. Awali, mwaka 1983, alikuwa ameandika kuhusu Mjapani mmoja, mtu mzima, aliyeishi Hawaii, mchangamfu, mwenye marafiki na shughuli zake kwa Kiingereza, ambaye sarufi yake haikusogea sana kwa miaka mitatu. Hakukosa kusikia Kiingereza, wala hakukosa nia ya kuwasiliana.

Makosa yanasema nini

Pit Corder mwaka 1967, na Larry Selinker mwaka 1972, walibadilisha namna ya kutazama makosa. Mwanafunzi ana mfumo wake wa mpito, wenye kanuni zake, na kosa linaonyesha kanuni gani anaitumia sasa. Anayesema "goed" ameshaielewa kanuni ya wakati uliopita kuliko alivyokuwa anapokariri "went" bila kujua limetoka wapi.

Mfumo huo hukua kwa mpangilio ambao mwalimu hawezi kuuruka. Dulay na Burt walilinganisha mwaka 1974 watoto wenye lugha ya kwanza ya Kihispania na wenye Kichina wakakuta viambishi vya Kiingereza vinashikwa kwa mfuatano unaokaribiana. Kwa jumla "-ing" na "-s" ya wingi huja mapema, "-s" ya "she goes" huchelewa sana. Sauti ni ileile, kwa hiyo ugumu hautoki kwenye kutamka. Maelezo ya Manfred Pienemann yananishawishi: "-s" ya kitenzi hudai ubebe taarifa ya kiima hadi kwenye kitenzi wakati unaongea, na akili ya anayeanza haina nafasi hiyo bado. Kusahihisha "he go" kila siku kwa mwanafunzi aliyejifunza Kiingereza miezi mitatu tu ni kumpotezea muda yeye na wewe.

Maswali nayo yana ngazi zake. Mwanzo ni "You live here?" kwa kupandisha sauti, baadaye "Where you are going?", kisha "Where are you going?" Akishaimudu hiyo, jiandae kusikia "I don't know where are you going." Linaonekana kosa jipya, na baadhi ya walimu huona amerudi nyuma. Ameeneza kanuni aliyoipata juzi.

Lugha ya kwanza haikosi nafasi yake, na tafiti za baadaye zimeipa uzito zaidi kuliko Dulay na Burt walivyotaka. Kwa kuwa Kiswahili hakina vibainishi kama "a" na "the", na "yeye" haibagui jinsia, mzungumzaji wake atadondosha "the" na kuchanganya "he" na "she" muda mrefu baada ya mambo magumu zaidi kukaa sawa. Makosa hayo hayaharibu maana mara nyingi. Yashughulikie katika kuandika, ambako kuna muda wa kurudi nyuma na kukagua, si katikati ya maelezo ya jaribio la kemia.

Namna ya kusahihisha ni somo lenyewe. Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichambua madarasa manne ya Kanada yanayofundisha kwa Kifaransa. Walimu walitumia zaidi kulirudia jibu likiwa limesahihishwa: asilimia 55 ya masahihisho yote. Wanafunzi waliitikia sahihisho la aina hiyo kwa asilimia 31 tu, ilhali walipochokozwa watoe umbo sahihi wenyewe waliitikia kila mara. Kuitikia si kujifunza, hilo likumbukwe. Lakini sababu yake inaeleweka: mwanafunzi akisema "Yesterday the plant grow", na mwalimu akasema "Yes, it grew, good," mwanafunzi amesikia "yes" na "good". Hakujua kwamba amesahihishwa. Afadhali "Yesterday the plant…?" na ukimya wa sekunde chache. Kama hana umbo hilo kabisa, mchokozo hautalitoa. Mpe jibu na endelea.

Kosa moja lichaguliwe kwa kila kazi iliyoandikwa, likiwa linalohusiana na sentensi lengwa ya somo. Karatasi iliyojaa wino mwekundu husomwa alama tu.

Lugha ya kwanza darasani

Cummins alidai pia kwamba anachokijua mwanafunzi kwa lugha yake hakifutiki anapohama lugha. Aliyekwisha kuelewa hesabu za sehemu, kama nusu na robo, kwa lugha ya kwanza anatafuta majina mapya tu. Hilo linaeleza pia matokeo ya Snow na Hoefnagel-Höhle ya mwaka 1978, waliowafuatilia wasemaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kiholanzi huko Uholanzi: katika miezi ya mwanzo vijana wa miaka 12 hadi 15 na watu wazima waliwapita watoto wadogo. Wanaodai mtoto mdogo hujifunza lugha upesi kuliko mkubwa wamechanganya kasi ya kuanza na matamshi ya mwisho wa safari.

Kwa hiyo kupiga marufuku lugha ya kwanza ni kuficha nusu ya akili ya darasa. Lakini kutafsiri kila sentensi papo kwa papo ni kubaya vilevile, maana wanafunzi hugundua haraka kwamba Kiingereza kinaweza kupuuzwa, tafsiri inakuja. Mpango unaokwepa yote mawili ni huu: dakika 5 za mwanzo kwa lugha wanayoielewa kutoa picha ya mada, kisha somo lenyewe kwa Kiingereza pamoja na misaada yote iliyotajwa, kisha dakika 5 za mwisho wanafunzi waelezane kwa lugha yao walichokipata. Katika vikundi waruhusu fikra ichambuliwe kwa lugha yoyote, na taarifa ya kikundi itolewe kwa Kiingereza.

Asiyesema kabisa

Wageni wa lugha wengi hupitia kipindi cha kusikiliza bila kusema, wiki kadhaa au miezi. Usimlazimishe sentensi, lakini usimwache pia. Ulizo liwe la ngazi yake kuhusu maudhui yaleyale ya wenzake: "Show me the solid", baadaye "Is this a solid or a liquid?", baadaye "What happens to the ice?", hatimaye "Why does it melt?" Mwalimu anayekaa kwenye ngazi ya kuonyesha kwa kidole mwaka mzima kwa kumwonea huruma anamfungia mlango.

Ukimya ukiendelea sana, au kusoma kukagoma, lipo swali la kuuliza kabla ya kumwita mtaalamu wa matatizo ya kujifunza: je, shida hii iko pia katika lugha yake ya kwanza? Mtafute mzazi au mtu anayeizungumza, mwombe mtoto asimulie tukio la jana, afuate maelekezo ya hatua tatu, asome kama aliwahi kufundishwa kusoma kwa lugha hiyo. Shida ikiwa katika lugha zote mbili, uchunguzi zaidi unahitajika. Ikiwa katika Kiingereza pekee, kinachohitajika ni kufundishwa Kiingereza.

Kupima

Jaribio la sayansi linaweza kugeuka jaribio la Kiingereza bila aliyelitunga kujua. "Which of the following is least likely to be affected by an increase in temperature?" ina ukanushi uliofichwa ndani ya "least likely", kauli ya kutendwa, na kitenzi kilichogeuzwa jina. Iandike hivi: "The temperature increases. Which one of these will probably NOT change?" Fikra inayodaiwa haijapungua. Istilahi za somo, kama "temperature", zisiondolewe, ndizo zinazopimwa.

Majibu yapewe alama mbili katika safu mbili, ya maudhui na ya lugha. Aliyeandika "Water go up because sun give energy, become gas" apate alama kamili ya maudhui kama swali liliuliza sababu ya uvukizaji, na alama ndogo ya lugha ikiwa na kosa moja lililochaguliwa kando yake. Muda wa ziada husaidia kama anaweza kusoma swali. Asiyeweza kulisoma hatanufaika na dakika 20 zaidi za kulitazama, huyo anahitaji asomewe au apewe faharasa. Faharasa nayo iwe ile aliyoizoea kwenye vipindi vya kawaida. Ikitolewa kwa mara ya kwanza siku ya mtihani, muda wake utaishia kwenye kupekua kurasa.